Pampu ya petroli inayogonga: kosa ni la aliyeifunga

Mhariri,

Wiki jana msomaji wako mmoja aliandika kuhusu Datsun 240Z, gari la michezo la miaka ya sabini, alilorithi kwa mjomba wake. Alisema tangu gari lifungwe pampu ya petroli ya umeme, kelele hazimwachi asikilizane na abiria, na fundi akamwambia gari kuukuu lazima lipige kelele. Mimi ni fundi hapa Nakuru, magari ya miaka hiyo ndiyo riziki yangu, na jibu hilo nalipinga.

Gari hili ni la heshima katika nchi hii. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Anayelitunza anastahili fundi anayefikiri.

Pampu ambayo gari hili lilitoka nayo kiwandani haitumii umeme. Imefungwa kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, inaendeshwa na kemshafti, mhimili unaofungua valvu, na inavuta petroli kutoka tangini, nyuma kabisa ya gari. Petroli ikivutwa, shinikizo ndani ya paipu hupungua nayo huchemka upesi. Sisi tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, ambako huchemka upesi zaidi, na kabureta mbili za gari hili, zinazochanganya petroli na hewa, zimekaa juu ya eksozi. Teremka Marigat, kwenye joto la bondeni, saa nane mchana, simama ununue asali, ukirudi kuliwasha linakohoa na kuzimika: paipu zimejaa mvuke. Pampu ya umeme iliyofungwa karibu na tangi, chini ya kimo cha petroli, inasukuma badala ya kuvuta. Kwa hiyo msomaji wako hakukosea kuitaka.

Sasa kelele. Ndani ya pampu hizi ndogo za umeme za mraba mna pistoni inayovutwa na sumaku ya umeme na kurudishwa na springi, mara nyingi kila sekunde. Ukiishika mkononi ikifanya kazi, mlio wake ni mdogo. Ikibanwa kwa bolti kwenye bati jembamba la sakafu ya nyuma, bati lote linakuwa ngoma. Tena 240Z halina buti la kujitenga. Nyuma na mbele ni chumba kimoja, na mlio wote unamfikia dereva kisogoni.

Mimi hutafuta chuma kizito, kwenye chesi mbele ya tangi, mbali na eksozi na mbali na mawe yanayorushwa na magurudumu. Hukata kipande cha bati nene nikakifunga hapo kwa zile raba fupi za mviringo zenye bolti kila upande, ambazo bolti ya upande huu haigusani na ya upande ule. Katikati ni raba tupu. Pampu nayo naifunga juu ya bati hilo kwa raba nyingine. Mafundi wengi huweka washa ya mpira, halafu wanapitisha bolti ndefu katikati yake na kuikaza hadi mwisho. Mlio unapita kwenye hiyo bolti na mpira hauna kazi yoyote. Wengine hukata vipande vya tairi, lakini tairi ni gumu mno kwa pampu nyepesi namna hii.

Paipu pia hubeba mlio. Weka hosi ya raba ya petroli, kama sentimita 30 kila upande wa pampu, kabla ya kuunganisha na paipu ya chuma, na klipu zinazoishika paipu kwenye bodi ziwe na raba ndani. Kisha usisahau waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye bodi. Pampu iliyokaa juu ya raba haigusi bodi, kwa hiyo ivutie waya wake hadi kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, la sivyo haitafanya kazi kabisa.

Pampu iliyokuwa kimya ikianza kugonga ghafla, angalia filta na kiasi cha petroli kabla hujagusa raba. Inaponyonya hewa hupiga kelele.

Kinachonitia hofu ni tiba ninazoziona zikiletwa kwangu. Kuna wanaoihamishia pampu kwenye injini ili isisikike, na hapo wameirudisha kwenye joto na kazi ya kuvuta. Kuna wanaoizungushia sponji, ambayo petroli ikivuja inaifyonza na kuihifadhi. Wabaya zaidi ni wanaofunga pampu ya gari la injeksheni, lisilo na kabureta, kwa sababu iko kimya, kumbe inasukuma kwa nguvu kubwa mno. Kabureta hizi zinataka shinikizo la pauni 3 hadi 4 tu kwa inchi mraba. Likizidi sana, petroli inafurika na kumwagika juu ya eksozi ya moto.

Jambo la mwisho. Pampu ya zamani ilisimama injini iliposimama. Ya umeme, ikiwa imeunganishwa na ufunguo tu, itaendelea kusukuma petroli hata gari likiwa limepinduka mtaroni pale Salgaa. Lazima pawe na fyuzi, na relei, yaani swichi inayojiendesha, inayokata umeme shinikizo la oili linapokwisha. Msomaji wako na ajaribu hivi: azimishe injini kwa gia huku ufunguo umewashwa, kisha aiguse pampu. Ikiwa bado inatetemeka baada ya muda mfupi, alirudishe gari kwa fundi wake kesho asubuhi, na hiyo relei ifungwe kabla ya raba.

Fundi wa magari,
Nakuru