Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Dar es Salaam

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba ada zinasuasua, na wanaodaiwa wanajijua.

Sehemu kubwa ya mwaka imekwenda kwenye darasa letu la mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya na kupima tafiti zote za swali moja, pale Upanga, nalo lilitugawa. Wengi tumelelewa na meta-analisisi, jina lililotolewa na Gene Glass mwaka 1976: kusanya majaribio, tafuta wastani, toa hitimisho. Kwa chandarua chenye dawa njia hiyo ilifaa; mapitio ya mwaka 2004 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kupitia tafiti za afya, yalionyesha vifo vya watoto kupungua kwa takriban asilimia 17 kuliko pasipo chandarua. Lakini afua nyingi tunazoletewa, yaani hatua za kuboresha afya, ni mafunzo ya wahudumu, dawa, uhamasishaji na usimamizi, vyote kwa mpigo.

Ubishi mkali ulizuka juu ya mfano wa huku kwetu. Jaribio la Mwanza, lililochapishwa mwaka 1995, liliimarisha tiba ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya. Maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa takriban asilimia 40. Rakai, Uganda, watu walipelekewa dawa majumbani kila baada ya miezi 10. Matokeo yalipotoka mwaka 1999, maambukizi hayakupungua. Jumlisha hayo mawili, utapata wastani usiohusu Mwanza wala Rakai. Waliorudia uchambuzi waliona kuwa Rakai janga lilishakomaa, ilhali Mwanza lilikuwa bado changa, na magonjwa ya zinaa yanayotibika yalikuwa mengi.

Ndiyo maana nashikilia kwamba tupambanue vipande vya afua na mazingira yake kabla ya kujumlisha chochote. Penye majaribio mengi, meta-rigresheni, yaani hesabu ya kuhusisha tofauti za matokeo na sifa za majaribio, itatusaidia kuona kipande kipi kinaleta tofauti. Penye machache, tutumie ulinganishi wa kimaelezo alioubuni Charles Ragin, unaotafuta ni mchanganyiko upi wa masharti huambatana na mafanikio. Wenzetu wa takwimu wanasema nimehamia kwenye masimulizi. Sijahama, ila majaribio matano hayawezi kupimia vigezo sita, na wao wanalijua hilo kunishinda.

Kuanzia mwaka ujao, fomu ya kukusanyia data itakuwa na safu ya mazingira: nani alitoa huduma, wapi, na ugonjwa ulikuwa umefikia hatua gani. Pitio lisilojazwa safu hiyo litarudishwa kwa mwandishi. Nafasi ya katibu iko wazi. Fomu za kugombea zipo kwa mweka hazina, na hatozipokea bila stakabadhi ya ada.

Mwenyekiti