Sukari hupotea shambani kabla muwa haujafika kinuni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuchangie mjadala wa sukari, ambao huibuka kila bei inapopanda dukani. Mara nyingi mjadala huo huishia kwenye vibali vya kuagiza sukari nje na uwezo wa viwanda kusaga. Hayo ni ya msingi, lakini sukari yote inayotoka kiwandani ilikwisha kutengenezwa na jani la muwa shambani. Kazi ya kiwanda ni kuitoa, na katika kila hatua kinapoteza kidogo. Tungependa wasomaji wako waulize pia: muwa ulipofika kwenye mizani ulikuwa umebaki na sukari kiasi gani? Tunazungumzia hasa Bonde la Kilombero, ambako wakulima wadogo wa pande zote mbili za Mto Ruaha Mkuu wanauza miwa yao katika viwanda vya Msolwa na Ruembe.

Tuanze na mbegu. Muwa hupandwa kwa vipande vya shina, na ugonjwa wowote uliomo ndani ya shina unapandwa nao. Mbaya kuliko yote ni ugonjwa wa udumavu wa ratuni (ratuni ni miwa inayochipua tena kwenye visiki baada ya mavuno), unaoletwa na bakteria waishio katika mishipa ya maji ya muwa. Hauonyeshi dalili ya wazi kwenye majani. Mkulima anaona tu ratuni ya pili na ya tatu zikizidi kuwa nyembamba na fupi, hasa mwaka wa ukame, akadhani ardhi imechoka. Akipasua kwa urefu kifundo cha chini cha muwa uliokomaa, anaweza kukuta vidoa vidogo vya rangi ya chungwa au nyekundu. Panga lililokata shina gonjwa hubeba ugonjwa huo hadi mashina mengine mengi, na ndiyo maana panga la kukatia mbegu lifutwe udongo na utomvu, kisha litiwe dawa ya kuua vimelea kabla ya kuingia shamba jingine.

Tiba yake ni maji ya moto, nyuzi 50 za Selsiasi kwa saa mbili. Joto likizidi kidogo macho, yaani vichipukizi vya muwa, yanakufa, likipungua bakteria wanabaki. Kosa la kawaida ni kutumbukiza miwa mingi mno kwenye tangi dogo: miwa ni ya baridi, hivyo maji yanashuka hadi nyuzi 45 au chini zaidi, lakini msimamizi anahesabu saa mbili tangu alipotumbukiza. Zihesabiwe tangu maji yaliporudi kwenye nyuzi 50, na pampu iyazungushe ili joto lilingane pande zote za tangi. Mbegu ichukuliwe kwenye miwa ya miezi 8 hadi 10, kwa kuwa macho ya muwa mzee huchipua kwa shida. Hata mbegu nzuri itapungua uotaji baada ya kuchemshwa, kwa hiyo haifai kupelekwa moja kwa moja kwa mkulima. Ipandwe kwanza kwenye kitalu, izalishwe, ndipo igawiwe. Hekta moja ya kitalu kizuri inatoa mbegu ya hekta 8 hadi 10, kwa sababu hekta moja hutumia takribani tani 8 hadi 10 za vipande vyenye macho mawili au matatu. Mkulima anayenunua mbegu ya ratuni ya jirani kwa sababu ni rahisi anaokoa fedha mwaka huu, kisha anazilipa kwa tani pungufu kila mavuno mpaka atakapong'oa shamba.

Kuna pia fugwe, ugonjwa wa kuvu. Huu unaonekana: kilele cha muwa kinatoa mjeledi mweusi uliojaa unga wa vimelea. Mjeledi ufunikwe na mfuko kabla ya kuguswa, kisha shina zima ling'olewe na kuchomwa. Anayeukata na kuutupa pembeni anasaidia upepo kuusambaza. NCo 376, aina iliyotawala mashamba ya bonde letu kwa muda mrefu, hushambuliwa sana na fugwe. Ndiyo sababu mojawapo watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kituo cha Kibaha, wamekuwa wakiingiza na kupima aina nyingine kama N41 kutoka Afrika Kusini na R 570 na R 579 kutoka Réunion. Kazi hiyo ni ya miaka mingi, maana aina mpya hukaa kwanza karantini, kisha hupimwa kwenye mvuno wa kwanza na ratuni kadhaa. Kwa hiyo haifai kuisubiri aina mpya kama dawa ya kila tatizo. Aina bora kabisa, ikipandwa kwa mbegu chafu, itadumaa vilevile.

Kuhusu mbolea tutasema moja tu: ya naitrojeni iishe kuwekwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Ikiwekwa baadaye muwa unaendelea kuota majani wakati ulipaswa kuhifadhi sukari, na mkulima anavuna uzito wa maji.

Ukomavu una kipimo chake. Kwa refraktomita ya mkononi, kifaa kinachosoma Brix, yaani kiasi cha vitu vilivyoyeyuka kwenye juisi, tone la juisi kutoka pingili za chini hulinganishwa na tone kutoka pingili za juu. Kipimo cha juu kikikaribia kile cha chini, yaani uwiano ukifika 0.9 au zaidi, muwa umeiva. Ukiwa 0.7, juu bado kuna glukosi, wanga na rangi, vitu vinavyoisumbua sukari isigande. Kwa sababu hiyo kilele kikatwe mahali kinapovunjika chenyewe kwa mkono, na panga lishuke hadi usawa wa ardhi. Kisiki cha sentimita 10 kinachoachwa shambani ndicho chenye utamu mwingi kuliko sehemu nyingine ya muwa, na machipukizi yanayotoka juu ya ardhi hayashiki mizizi vizuri.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Shamba huchomwa ili kuondoa majani makavu na kurahisisha ukataji. Moto ule hupasua nta ya ganda na kuua chembe hai za nje, na kuanzia hapo muwa hauna kinga. Vimeng'enya vyake vyenyewe huivunja sukrosi, ndiyo sukari yenyewe inayoganda, kuwa glukosi na fruktosi, ambazo hazigandi kiwandani na huishia kwenye molasi, ule uji mweusi unaobaki baada ya sukari kutolewa. Bakteria waitwao Leuconostoc mesenteroides huingia kwenye mipasuko na ncha zilizokatwa, wakaigeuza sukrosi kuwa dekstrani, gundi inayoteleza kama ute wa bamia. Saa huanza kuhesabiwa tangu moto ulipowashwa. Muwa uliochomwa Ijumaa na kukatwa Jumatatu si mbichi, hata kama dereva ataufikisha kiwandani Jumatatu hiyohiyo. Lengo liwe kuusaga ndani ya saa 24, na usivuke 48. Kwenye joto na mvua uharibifu huenda kasi zaidi.

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye tani 30. Kama sukari inayoweza kutolewa ni asilimia 11, anapeleka tani 3.3 za sukari. Ikishuka hadi asilimia 9 kwa sababu miwa ililala, yaani ilikaa muda mrefu baada ya kuchomwa kabla ya kusagwa, ni tani 2.7. Kilo 600 zimeyeyuka, sawa na mifuko 12 ya kilo 50, na hapo hatujahesabu uzito wa maji yaliyokauka. Mkulima akipima kwa refraktomita anaweza hata kudanganyika, maana muwa unaokauka huongeza kipimo cha Brix. Brix huhesabu kila kilichoyeyuka, sukrosi pamoja na mabaki yake yasiyoganda. Kinachoshuka ni usafi wa juisi, yaani sehemu ya sukrosi halisi ndani ya Brix hiyo, na huo hupimwa maabara. Wapikaji wa sukari guru wanaona jambo hili kwa macho: juisi ya muwa uliolala hupikwa mpaka ikaungua, bila kushikana.

Kiwandani madhara yanaendelea. Juisi huchanganywa na maji ya chokaa mpaka pH, kipimo cha uchachu, izidi kidogo 7, ikapashwa joto hadi nyuzi 102 au 104, kisha ikatulizwa ili tope lizame. Juisi ya muwa uliolala ni chachu, hivyo inadai chokaa zaidi. Chokaa ikizidi huacha magamba kwenye mirija ya kuvukizia, ikipungua sukrosi inaendelea kuvunjika humohumo kwenye moto. Dekstrani huufanya uji wa sukari kuwa mzito, fuwele hurefuka kama sindano badala ya kuwa na umbo la mchemraba, na mashine za kuzungusha zinashindwa kuitenga molasi. Mpikaji awe hodari kiasi gani, hawezi kuirudisha sukrosi iliyokwisha kuvunjika.

Chanzo cha ucheleweshaji kwa sehemu kubwa hakiko kwa mkulima mmoja mmoja. Kuna moto kichaa unaoruka kutoka shamba moja hadi ekari nyingi zisizokuwa kwenye mgao wa siku hiyo. Kuna kinu kinachoharibika wakati mashamba yamekwisha kuchomwa. Kuna mvua zinazofunga barabara za mashambani na trela kukwama. Njia za kuzuia moto kati ya mashamba, zenye upana wa kutosha na zilizolimwa kabla ya kiangazi, ndizo za bei nafuu kuliko zote, lakini hupuuzwa kwa sababu kila mmoja anaona zinamega shamba lake.

Tunapendekeza kwa vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), viwanda na Bodi ya Sukari mambo yafuatayo. Stakabadhi ya mizani iandikwe saa shamba lilipochomwa, kando ya uzito, na saa hiyo ithibitishwe na msimamizi wa moto wa AMCOS. Kibali cha kuchoma kitolewe kwa tani zinazoweza kusombwa na kusagwa kesho yake tu, na kinu kikisimama vibali visimame ndani ya saa hiyohiyo, kwa simu. Panapokuwa na moto kichaa, miwa hiyo ipewe nafasi ya kwanza kwenye foleni, lakini iandikwe hivyo, ili asiyechoma kwa utaratibu asipate zawadi ya kuwaruka wenzake. Mkulima anayelipwa kwa kiwango cha sukari apewe matokeo ya mzigo wake mwenyewe: Brix, sukrosi halisi na nyuzinyuzi. Akipewa wastani wa kundi hana namna ya kujua kama tatizo lake ni mbegu, ukomavu au muda. Na kila eneo lenye AMCOS kadhaa liwe na tangi moja la maji ya moto lenye kipimajoto kilichohakikiwa na daftari la kila mchemsho.

Stakabadhi yenye saa inaweza kuanza msimu ujao wa kusaga. Haihitaji mtambo mpya, ila safu moja zaidi kwenye karatasi inayochapishwa tayari.

Wataalamu wa kilimo cha miwa na uchakataji wa sukari,
Morogoro