Ujumbe wa kazi usiku: awajibike anayeutuma

Ndugu Mhariri,

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi, ushauri huwa ni ule ule: zima simu, panga muda wako, jifunze kukataa. Wote huo hupewa mfanyakazi. Aliyetuma ujumbe saa nne usiku haambiwi neno.

Wafanyakazi walishajibunia mbinu zamani. Kuna anayenyamazisha kundi la WhatsApp la ofisi ikifika jioni, halafu analichungulia kila mara asije akapitwa. Kuna aliyeondoa tiki za bluu isijulikane kwamba amesoma. Mwenye laini mbili huzima ile ya kazi, na bosi akimkosa huko humpigia kwenye ile nyingine. Halafu wapo wa “Imepokelewa, bosi”, wanaojibu kabla hawajamaliza kusoma. Akishatangulia mmoja, wengine hujipanga nyuma yake, na anayekaa kimya ndiye anayeonekana. (Kwa nini tangazo la kikao cha wiki ijayo lihitaji msururu wa dole gumba usiku, mimi sijaelewa.)

Mbinu hizi hupunguza kelele tu. Kinachochosha si zile dakika mbili za kujibu, ni kule kukaa chonjo: mtu yuko na wanawe, sikio liko kwenye simu. Hata ujumbe usipoingia, jioni imeshaharibika. Ndiyo maana “si lazima mjibu sasa hivi” haimtulizi mtu inapotoka kwa yule anayeamua nani apandishwe cheo.

Nchi kadhaa zimetunga sheria. Ufaransa, tangu Januari 2017, inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana. Australia, tangu Agosti 2024, inamruhusu mfanyakazi kutojibu, mradi kukataa kwake kusiwe kinyume cha busara. Ni hatua nzuri, ila bado yeye ndiye anayebaki na mzigo wa kukataa, na kesho yake atakutana na bosi huyo huyo. Mimi naona Ureno ililenga penyewe: sheria iliyoanza kutumika mwaka 2022 inamtaka mwajiri mwenyewe ajizuie kumtafuta mfanyakazi katika muda wake wa mapumziko, isipokuwa kwa dharura kubwa isiyozuilika.

Nitaambiwa kuna kazi zisizolala. Kweli, na hospitali au mafundi wa umeme walishapata jibu zamani: zamu. Anayepaswa kupatikana usiku anajulikana, na wenzake wanalala. Shida iko kwenye ofisi za kawaida, ambako hakuna orodha ya zamu, kwa hiyo kila mtu yuko zamu kila siku bila malipo.

Bosi ambaye mawazo humjia usiku aandike tu, hakuna anayemzuia. Programu nyingi za barua pepe huweza kuupanga ujumbe utoke asubuhi. Na kila ofisi iandike wazi ni mambo gani yanaruhusu mtu kutafutwa usiku, nani wa kutafutwa, na kwamba atafutwe kwa kupigiwa simu, ili wengine wasilazimike kuchungulia kundi. Saa atakazofanya kazi ziingie kwenye malipo yake.

Mfanyakazi wa ofisini