Macho yetu mafundi, mbona hakuna anayetuambia?

Mhariri, mimi ni fundi vyuma hapa Katwe, nachomelea mageti na madirisha, kuna jambo linaniuma sana naomba unitolee hii barua.

Mwaka jana kijana tunayefanya naye kazi alikua anakata chuma na grainda bila miwani, kipande kikamruka jichoni. Mwenzetu akachukua njiti ya kiberiti akaanza kumchokoa nayo, maana hapa kwetu hospitali ya kwanza ndo hiyo, halafu kijana akarudi kazini. Siku ya tatu jicho limevimba halifunguki. Leo ana kovu jeupe kama tone la maziwa kwenye mboni, upande huo anaona mwanga tu. Daktari kamwambia kilichoharibika ni konea, kile kioo cha mbele, na inaweza kubadilishwa kwa konea ya mtu aliyefariki.

Alipotueleza karibu wote wakasema jicho la maiti hapana, eti marehemu akizikwa bila macho atawaonaje wazee wake huko aendako. Siwalaumu, nani amewahi kuja kutufundisha? Mi nimeulizauliza nikajua hawapandikizi jicho zima, ni ule utando wa mbele tu, unene wake hata milimita moja haufiki, uso wa marehemu haubaki na shimo, na hata mzee aliyekua anavaa miwani anaweza kutoa. Ila inatakiwa itolewe mapema, masaa 6 mpaka 12 hivi baada ya kufariki, sasa kama familia haikuongea kabla, msiba umeingia, watu wanalia, nani atakumbuka macho?

Na mtu wa kwanza kupandikizwa konea nzima ya binadamu ikakubali alikua kibarua kama sisi! 1905, mji wa Olomouc huko Ulaya, chokaa ilimchoma macho yote, daktari Eduard Zirm akatumia konea ya mtoto ambaye jicho lake liliumizwa na chuma likatolewa. Chokaa na chuma, vitu tunavyoshika kila siku.

Sheria ya kutoa na kupandikiza viungo vya mwili hapa Uganda tunayo tangu 2023. Basi wahusika waje Katwe, waje Kireka kwa kina mama wanaogonga mawe, waongee Luganda na Kiswahili, waje saa saba mchana tukiwa tunakula posho, yaani ugali.

Mke wangu nimeshamwambia nikifa konea zangu zitolewe. Akaniuliza, usiku huo nampigia nani simu? Nikakosa jibu. Anayejua namuomba ajibu hapahapa gazetini.

Fundi vyuma,
Katwe, Kampala