Watoto wenye mtindio wa ubongo wapatiwe viti na mazoezi

Ndugu Mhariri,

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ambaye athari kwenye ubongo humfanya ashindwe kutawala vizuri viungo vyake, akilishwa amelala chali, uji humpalia, na ukiingia mapafuni unaweza kumletea nimonia. Akikaa wima kwenye kiti chenye mkanda kifuani, humeza kwa urahisi zaidi na huwaona wenzake wakicheza. Kiti hicho hata seremala wa mtaani anakiweza, akipewa vipimo sahihi.

Mtihani ni mazoezi ya viungo. Mama anambeba mgongoni mtoto wa miaka 8, makonda wa daladala wanamkwepa, hospitali yenyewe mbali. Inauma sana. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Naiomba Wizara ya Afya isogeze mazoezi hayo kwenye zahanati, na halmashauri zigharimie viti.

Mzazi,
Temeke, Dar es Salaam