Mbona tundu nalo linalipiwa?

"Nyie mmetoa plastiki, hamjaongeza. Sasa bei inapandaje?" Lalamiko hili halituishi. Majuzi mteja mmoja alituandikia kwa uchungu kwamba tumemlia hela yake, maana kwenye risiti ya kipande cha plastiki tulichomprintia kwa printa ya 3D aliona mstari wa kuprinti na chini yake mstari mwingine wa kutoboa mchoro. Yeye tumeshamjibu, ila wanaouliza ni wengi, basi tulieleze hapa likae.

Tuanze na hiyo plastiki. Chukua kipande cha milimita 40 kwa 40, unene 20, halafu kitobolewe tundu la milimita 8 katikati. Kwa hesabu, tundu linaondoa kama sentimita moja ya ujazo, yaani gramu moja na robo ya PLA, plastiki tunayoprintia. Lakini kipande cha kawaida hatukijazi ndani. Tunaweka wavu wa asilimia 20, na nguvu inabebwa na ganda la nje. Ukiweka tundu, printa inalijengea nalo ganda lake, milimita 1.2 kulizunguka, kuanzia chini hadi juu. Ganda hilo linakula plastiki kuliko wavu ulioondoka. Kwa hiyo kipande chenye tundu mara nyingi hutoka kizito zaidi ya kisicho nalo, na printa hukaa nacho muda mrefu zaidi. Asiyeamini aje, mzani upo mezani.

Kazi yenyewe sasa iko kwenye kompyuta. Kutoboa mchoro ni kutoa umbo moja ndani ya jingine. Sisi tunatumia zaidi OpenSCAD, programu ya kuchora kwa kuandika amri, na amri yake inakuwa hivi:

difference() {
  cube([40, 40, 20]);
  translate([20, 20, -1]) cylinder(h=22, d=8, $fn=96);
}

Umbo la kwanza linabaki, yanayofuata yanatolewa. Ukigeuza mpangilio hapo, unabaki na visahani viwili vya unene wa milimita moja, kimoja chini kimoja juu, na mafaili ya hivyo tumeletewa.

Angalia ile -1 na ile 22. Kipande kina unene wa 20, lakini mcheduara unaotoboa unaanzia milimita moja chini na kuishia milimita moja juu. Ni kama keekee ya seremala: isipotokeza upande wa pili wa ubao, hujatoboa. Wanaojichorea wenyewe huandika 20 kwa 20 kwa sababu inaonekana imenyooka. Nyuso mbili zinalala mahali pamoja, skrini inaanza kumetameta pale kwenye tundu, nao wanadhani ni kompyuta imechoka. Vipimo vikiwa vya kukokotoa mambo huharibika zaidi, maana kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 inapata 0.30000000000000004. Kabaki kama hako kanatosha kuacha ngozi juu ya tundu, au kingo zisizoshikana. Kisha mtu anapitisha faili kwenye programu ya bure ya kurekebisha, nayo inaziba kila penye uwazi, na tundu linazibwa humo humo. Anakuja kwetu na kipande kizima kisicho na tundu, na rola ya plastiki nusu imeshaisha.

Jingine ni tundu la 8 lisilopitisha shafti ya 8. Kompyuta haichori duara, inachora poligoni. OpenSCAD ukiiachia mipangilio yake ya mwanzo, tundu la milimita 8 linapata pande 13, na nafasi halisi ya katikati ni milimita 7.77. Kuna mteja wa mashine ya kufungia mifuko alijichorea kishikio cha shafti kwa njia hiyo. Shafti ilipogoma, akachoma msumari motoni na kulipanua tundu. PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo tundu likawa na umbo la yai, shafti ikaanza kucheza, na beringi ya 608 ikafa. Alipofika kwetu alilipia mchoro, kuprinti na beringi mpya. Ile $fn=96, yaani pande 96, inafikisha nafasi kwenye 7.996, halafu tunaongeza upenyo ambao tumeupima kwa vernia, printa moja moja, kwa sababu hazilingani. Hapo ndipo hela yako inapokwenda.

Aliyetuumiza kichwa zaidi ni mwanafunzi wa uhandisi aliyekuja na kazi ya Mathematica, programu ya hesabu: mchemraba uliotolewa tufe kwa RegionDifference, amri yake ya kutoa umbo. Mchemraba wa upande 2, tufe la nusu kipenyo 1. Ujazo ulitoka safi, 8 kutoa 4π/3. Tatizo ni kwamba tufe hilo linagusa nyuso zote sita, na pale linapogusa ukuta una unene wa sifuri. Hakuna printa inayoprinti sifuri. Tulimshauri aongeze nusu kipenyo hadi 1.2, tufe litokeze nje na kufungua dirisha la duara kila upande, na likatoka umbo zuri kweli kweli. Lakini akalalamika kwamba tumemzidishia plastiki mara mbili: kwa mchemraba wa milimita 40 uliojazwa wote ndani alikokotoa gramu 7.6, mzani ukasema 16. Alikuwa ametoa ujazo wa tufe zima, pamoja na zile kofia sita zilizotokeza nje ambazo hazikuwa na kitu cha kukata. Kinachotolewa ni sehemu iliyo ndani ya maumbo yote mawili tu. Tulikaa naye tukaipiga hesabu upya, akalipa bila neno.

Ukituletea mchoro kwenye faili la STL, jua bei ni juu zaidi. STL ni pembetatu tupu. Haijui kwamba pale pana tundu la 8, na hata kama ni milimita au inchi haisemi. Kulibadilisha tundu lake tunaliziba kwanza, tunatafuta kitovu, ndipo tunatoboa upya. Ukiwa na faili la OpenSCAD au STEP, aina inayotunza umbo na vipimo vyake, lete hilo. Tundu moja humo ni shilingi 5,000, kwenye STL ni 15,000. Na njoo na shafti yenyewe, kipimo cha rula hatukipokei. Kabla ya kipande kizima tunaprinti pete ya majaribio ya unene wa milimita 3, unaijaribu kwenye shafti yako mwenyewe, na pete hiyo hailipiwi.