Upepo wa matairi ya pikipiki usipimwe kwa kidole gumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi waendesha bodaboda hulipuuza kila siku, nalo ni kupima upepo wa matairi. Nimeendesha pikipiki hapa Morogoro kwa miaka tisa, na kwa muda mrefu nami nilikuwa nikibonyeza tairi kwa kidole gumba au kulipiga teke, kisha naridhika kwamba upepo unatosha.

Siku moja, nikiwa nimempakia mama na mtoto wake kutoka Msamvu kuelekea Mzumbe, tairi la nyuma lilianza kuyumba, na kabla sijaegesha pembeni upepo wote ulikuwa umekwisha. Tulinusurika kwa sababu mwendo ulikuwa mdogo. Fundi pancha alipolifungua, tulikuta tyubu haikuchomwa na msumari wala mwiba, bali ilikuwa imechanika pale valvu inapoungana na mpira. Alinieleza kwamba tairi lenye upepo pungufu huteleza juu ya rimu kila unaposhika breki au kuongeza mwendo ghafla, likaivuta tyubu huku valvu imeshikwa na tundu la rimu. Dalili yake huonekana mapema, kwa kuwa valvu huanza kulala upande badala ya kusimama wima. Mimi nilikuwa nimeiona imelala kwa siku kadhaa, sikuelewa, na hadi leo nikimkumbuka yule mtoto moyo hunienda mbio.

Pikipiki nyingi tunazotumia, za cc 125 hadi 150, huhitaji upepo wa takriban paundi 25 (psi) mbele, na nyuma takriban 28 ukiwa peke yako au 32 ukiwa na abiria. Kipimo halisi cha pikipiki yako kimo katika kitabu chake, na mara nyingi pia kwenye kibandiko cha kiwanda karibu na cheni. Wenzangu wengi husoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi wakidhani ndiyo ya kujazia, kumbe ile ni ya kikomo ambacho tairi halipaswi kukivuka. Wengine hujaza sawa mbele na nyuma. Tairi la mbele likizidi upepo hurukaruka kwenye mashimo, hukanyaga kwa sehemu ndogo ya katikati, na breki ikishikwa kwenye lami yenye maji huteleza upesi. Na kwa wale wanaobeba mishikaki, yaani abiria kadhaa kwa mpigo, hakuna kipimo cha upepo kinachoweza kuifanya safari hiyo iwe salama.

Wakati wa kupima nao una uzito wake. Tairi lililotembea hupata joto, na upepo wa ndani hupanda kwa paundi kadhaa, kwa hiyo anayepima mchana baada ya safari nyingi huona namba nzuri ilhali asubuhi tairi lilikuwa pungufu, na vibaya zaidi ni kulipunguza likiwa moto. Kipimo cha kuaminika hupatikana alfajiri kabla ya kuwasha pikipiki, au baada ya kuiegesha kwa takriban saa tatu. Kwa kuwa mpira wa tyubu huvujisha upepo kidogo kidogo hata bila pancha, kazi hii inapaswa kurudiwa kila wiki.

Nawaomba wenye sheli na mafundi pancha wazikague geji za mashine zao, kwani nyingine mishale yake imekwama na bado tunaziamini. Nawaomba pia wanaofundisha udereva wa pikipiki waonyeshe upimaji huu kwa vitendo. Kwa upande wetu kijiweni, tulichanga tukanunua geji moja ya mkononi, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya tairi jipya. Hukaa kwa mwenyekiti, na kila Jumatatu, kabla ya abiria wa kwanza, hupita pikipiki hadi pikipiki.

Mwendesha bodaboda,
Kihonda, Morogoro.